Wong Fei-hung: Chui Milia, Korongo na Ngoma ya Simba

Jina la Wong Fei-hung si geni kwa yeyote aliyewahi kutazama filamu za Hong Kong. Ndiye yule bwana wa kanzu ndefu, mkono mmoja mgongoni na mwingine mbele, kiganja kimeelekezwa juu, akimngoja hasimu wake asogee. Waigizaji kadha wa kadha wameuvaa uhusika huo tangu mwaka 1949, na kila mmoja ameutia chumvi yake. Hata hivyo, kabla ya kuwa mhusika, Wong alikuwa mtu aliyezaliwa, akaishi na kufa: mwuza dawa wa barabarani, muunga mifupa, mwalimu wa askari, mcheza ngoma ya simba, mume wa wake wanne na baba aliyemzika mwanawe. Tarihi ya mtu huyo ni fupi na ina mapengo. Mighani yake ni ndefu kupindukia. Anayetaka kuelewa jinsi watu wa kungfu wa kusini mwa Uchina wanavyoitazama jadi yao hana budi kuzisoma zote mbili kwa pamoja, kwa sababu wao wenyewe hawazitenganishi.

Alizaliwa katika kijiji cha Luzhou, chini ya mlima Xiqiao, wilaya ya Nanhai katika jimbo la Guangdong, si mbali na mji wa Foshan. Mwaka unaotajwa na wengi ni 1847, japo wapo wanaotaja 1856. Fei-hung, ambalo kwa Kimandarini hutamkwa Feihong, ni jina lenye maana ya bata bukini wa mwituni arukaye. Katika ushairi na uchoraji wa Kichina ndege huyo, ambaye huhama kwa majira na kurejea, ni ishara ya safari ndefu na ya barua itokayo kwa mpenzi au ndugu aliye mbali. Mzazi aliyemchagulia mwanawe jina la fahari namna hiyo hakuwa na mali yoyote. Wong Kei-ying, babaye Fei-hung, aliishi kwa kuonyesha mitindo ya ngumi na fimbo sokoni, kisha kuwauzia watazamaji dawa za michubuko.

Umaskini huo haukumzuia Kei-ying kuhesabiwa miongoni mwa wale walioitwa Chui Milia Kumi wa Guangdong, yaani mabingwa kumi wa mapigano wa jimbo hilo. Lakabu yenyewe inadai maelezo. Uchina haikuwa na simba wa porini. Mfalme wa wanyama katika fikra za Wachina ni chui milia, na wapo wasemao kwamba michirizi ya kipaji chake huunda herufi ya Kichina yenye maana ya mfalme. Watoto wadogo walivishwa kofia na viatu vyenye sura yake ili pepo wabaya wawaogope. Kumwita mtu chui milia, basi, hakukuwa kumsifu kwa ukali tu, bali pia kumpa wajibu wa kuwakinga wanyonge.

Kei-ying alifunzwa na Luk Ah-choi, naye Luk, kwa mujibu wa masimulizi, alifunzwa na mtawa Gee Sin wa hekalu la Shaolin la kusini. Hapa ndipo tarihi inapoishia na mighani kushika usukani. Wafuasi wa mtindo wa Hung wanasimulia kwamba watawala wa Qing, waliokuwa Wamanchu kutoka kaskazini, walilichoma hekalu hilo kwa sababu liliwahifadhi watiifu wa utawala wa Ming ulioanguka mwaka 1644, na kwamba watawa wachache walionusurika walisambaza ujuzi wao kwa siri. Wanahistoria hawajapata ithibati ya kuridhisha ya tukio hilo. Kisa chenyewe kinafanana mno na riwaya za mapigano zilizosomwa kusini mwa Uchina mwishoni mwa karne ya 19. Lakini ingekuwa kosa kukitupa kwa sababu hiyo. Kisa hiki kiliingia mwilini mwa watu. Mwanafunzi anapoingia ukumbini husalimu kwa ngumi ya kulia iliyogusana na kiganja cha kushoto, na wako walimu wanaoeleza kuwa mikono hiyo miwili ni jua na mwezi, ambayo herufi zake zikiunganishwa hutoa neno Ming. Maamkuzi ya kila siku yakawa pia kiapo.

Mtoto Fei-hung alikua akimfuata baba yake kutoka mji hadi mji. Inasimuliwa kwamba alipokuwa na umri wa miaka kama 13 walikutana huko Foshan na msanii mwingine wa barabarani, Lam Fuk-sing, ambaye siku hiyo alimjeruhi mtazamaji kwa bahati mbaya katikati ya maonyesho. Kei-ying alimtibu majeruhi. Kwa shukrani Lam akamfunza kijana huyo alichokuwa amekipata kwa bingwa Tit Kiu Sam: Ngumi ya Uzi wa Chuma, ambayo hufanywa polepole, pumzi ikitolewa kwa sauti mbalimbali, pamoja na matumizi ya kamba yenye kipande cha chuma nchani. Teke Lisilo na Kivuli, ambalo filamu zimelifanya kuwa la mtu anayeelea angani kama kishada, inasemekana alilipata kwa Sung Fai-tong. Kwa wanaolifanya, ni teke la chini la ghafla, lililofichwa nyuma ya mikono inayomshughulisha adui kwa juu.

Uhusiano wa mwalimu na mwanafunzi katika jadi hiyo hauelezeki bila msamiati wa ujamaa. Neno la Kikantoni sifu huandikwa kwa herufi mbili, ya mwalimu na ya baba. Mwalimu wa mwalimu ni sigung, babu. Aliyetangulia kujiunga ni sihing, kaka mkubwa, hata kama kwa umri ni mdogo. Anayepokelewa hupiga magoti, huwasha ubani mbele ya majina ya waliotangulia na humtilia mwalimu chai. Mwalimu akinywa, mtu huyo amezaliwa upya katika ukoo mwingine. Hali kadhalika, kumbi nyingi huwa na sanamu ya Guan Yu, jemadari aliyeuawa karibu na mwaka 220 na baadaye akaabudiwa kama mungu. Uso wake huwa mwekundu, rangi ya uaminifu. Ni vyema kukumbuka kwamba Fei-hung alikuwa na bahati isiyo ya kawaida katika mfumo huu, kwa kuwa baba wa damu na baba wa mafunzo walikuwa mtu mmoja. Jambo hilo lilikuja kumwuma baadaye.

Mtindo alioukuza zaidi ni ule wa Chui Milia na Korongo. Mapokeo ya kusini huhesabu wanyama watano: joka hufunza roho, chui milia mifupa, chui nguvu, nyoka pumzi, na korongo asili ya uhai na mishipa. Joka hilo, yafaa ieleweke, si zimwi la kutema moto. Kwa Wachina ni kiumbe wa heri aletaye mvua. Chui milia hushambulia kwa makucha, moja kwa moja, akimng'ang'ania mpinzani hadi aanguke. Korongo, ambaye katika imani za Kitao ni ndege wa maisha marefu na kipando cha waja wasiokufa, husimama kwa mguu mmoja, hukwepa, kisha hudonoa. Anayezifanya hatua hizo kila alfajiri kwa miaka 20 hahitaji kuambiwa kuwa ugumu na ulaini huhitajiana, maana magoti yake yamekwisha kumfunza. Ndivyo wenyewe wanavyozielewa ishara hizo. Hazitafsiriwi, hufanywa.

Katika miaka ya 1880 Wong alifungua zahanati mjini Guangzhou, katika mtaa wa Yan On, akaiita Po Chi Lam. Herufi za kwanza na za mwisho katika jina hilo zina maana ya kitu cha thamani na msitu, na ile ya kati inadokeza lingzhi, uyoga unaoaminika kurefusha maisha. Tiba aliyoitoa huitwa dit da, yaani kuanguka na kupigwa. Mganga huunga mfupa kwa mikono, huufunga, kisha husugua mahali palipovimba kwa mvinyo uliolowekewa mizizi na magome kwa miezi. Waliokuja kwake hawakuwa wapiganaji tu. Guangzhou ulikuwa mji wa bandari, wenye wachukuzi, waashi na mabaharia, na kuteguka ilikuwa sehemu ya kazi zao. Sifa zake za ngumi zinatajwa kila mahali, lakini haielekei kwamba zingemlisha. Riziki yake ilitoka kwenye mabega na vifundo vya miguu vya watu wengine.

Mmoja wa wagonjwa hao, kwa mujibu wa masimulizi, alikuwa Liu Yongfu, kamanda wa Jeshi la Bendera Nyeusi, aliyekuwa amepambana na Wafaransa kaskazini mwa Vietnam katika miaka ya 1870 na 1880. Liu alimfanya Wong mwalimu wa askari wake na tabibu wao. Mwaka 1895, Uchina iliposhindwa vitani na kuikabidhi Japani kisiwa cha Taiwan, Liu alikuwa kisiwani humo akiongoza upinzani, na inasimuliwa kwamba Wong aliandamana naye. Upinzani ulivunjika ndani ya miezi michache. Filamu hazikai sana kwenye kushindwa huku, na si ajabu. Bingwa wa Chui Milia na Korongo alirejea Guangzhou akiwa ameona bunduki na mizinga ya kisasa inavyomtenda mtu aliyekamilika kwa mazoezi.

Miaka mitano baadaye, kaskazini mwa nchi, vijana wa kundi la Yihetuan, waliojulikana na wageni kama Mabondia, waliwavamia Wazungu na Wakristo wakiamini kuwa mazoezi, hirizi na kupandwa na roho za mashujaa wa kale, akiwemo Guan Yu, kungezuia risasi zisiwapenye. Waliuawa kwa maelfu mwaka 1900. Kisa hicho ni kipimo kizuri cha kumtathmini Wong. Ishara zile zile zilizowapumbaza vijana wa Yihetuan yeye aliziishi maisha yake yote, wala mapokeo hayasemi kwamba alipata kudai haziingiliki na risasi. Kwake zilikuwa adabu ya mwili, na zilikuwa sherehe.

Kwa sherehe, hakuna aliyempita. Wakazi wa Guangzhou walimsifu kama mfalme wa simba kutokana na umahiri wake katika ngoma ya simba, na pengine hapa ndipo alipojulikana kwa watu wa kawaida kuliko katika pambano lolote. Kama ilivyokwisha kuelezwa, simba hakuwa mnyama wa Uchina. Alifika kama zawadi ya wajumbe kutoka magharibi, kupitia Njia ya Hariri, na wengi walimjua kwa sifa na kwa sanamu tu. Huenda ndiyo sababu simba wa ngoma hafanani na simba yeyote aliye hai. Kichwa chake ni cha mianzi na karatasi, kina pembe moja, na kipajini pana kioo ili pepo akijiona atishike akimbie. Simba mwenye uso wa manjano na ndevu nyeupe huwakilisha Liu Bei, mwekundu ni Guan Yu, mweusi ni Zhang Fei, wale ndugu watatu wa kiapo wa enzi ya Falme Tatu. Simba mweusi ni mtukutu na hutafuta ugomvi, na hapo zamani kukutana kwa simba wawili weusi barabarani kulikuwa sababu tosha ya kumbi mbili kupigana.

Simba mpya si simba mpaka afunguliwe macho. Mgeni wa heshima huchovya brashi katika wino mwekundu, akagusa macho na sehemu nyingine za kichwa, na papo hapo ngoma, upatu na matoazi huanza. Mmoja hucheza kichwa, mwingine mkia, nao wote wawili hutumia misimamo ile ile ya miguu inayofunzwa ukumbini. Ndiyo maana kumbi za kungfu ndizo zilizomiliki simba. Mwaka Mpya ulipofika walizunguka maduka. Mwenye duka alining'iniza majani ya saladi pamoja na fungu la pesa juu ya mlango, mbali na kimo cha mtu. Saladi kwa Kikantoni hutamkwa karibu sawa na maneno yenye maana ya kuzalisha mali. Simba alitakiwa kuyafikia majani, kuyatafuna na kuyatapika kuelekea dukani, na hivyo heri ikamwagika kwa mwenyeji. Wengine walipandiana mabegani kama ngazi. Wong, husimuliwa, aliirusha ile kamba yake yenye chuma kutoka mdomoni mwa simba, akayaangua majani yaliyowashinda wenzake. Uhodari wa silaha ukageuka kuwa mchezo wa kumbarikia muuza mchele, na fataki zikalia.

Nyumbani kwake hapakuwa na fataki. Mke wake wa kwanza, wa ukoo wa Law, alifariki muda mfupi baada ya arusi. Waliomfuata, wa koo za Ma na Sam, nao walitangulia mbele ya haki. Wong akaamini kwamba nyota yake inaua wake. Alipompata Mok Kwai-lan, aliyekuwa mdogo kwake kwa miongo kadhaa, alimchukua kwa hadhi ya suria, si ya mke, ili kisirani kisimwone. (Namba nne kwa Kikantoni hutamkwa karibu sawa na neno kifo, na wenye kuamini mambo hayo hawangeshindwa kulitambua hilo.) Hila hiyo ya kumdanganya Mauti kwa kubadilisha jina la cheo inachekesha hadi msomaji akumbuke kwamba mwenye kuibuni alikuwa amezika watatu. Mok mwenyewe alikuwa mpiganaji kutoka familia ya wapiganaji. Kisa kipendwacho na wengi ni kwamba Wong alipokuwa akionyesha mateke hadharani kiatu kilimchomoka kikampiga msichana usoni, naye msichana akampanda jukwaani akamkaripia mbele ya umati. Huyo ndiye aliyekuja kuwa Mok Kwai-lan wa nyumba ya Wong. Kiwe kweli kisiwe, kisa hiki hakimsifu bwana, na kwa hiyo kina uzito kuliko vingi vinavyomsifu. Aidha, Wong alikuwa miongoni mwa walimu wa mwanzo wa Guangdong kuwapokea wanawake, na Tang Sau-king ni mmoja wa wanafunzi wake wa kike waliojulikana.

Msiba uliomvunja ulikuwa wa mwanawe, Wong Hon-sam. Huyu ndiye aliyekuwa amerithi ujuzi wa baba, na akafanya kazi ya ulinzi katika vyombo vya mtoni. Aliuawa kwa kupigwa risasi na mtu waliyekuwa na uhasama naye. Masimulizi yote yanakubaliana kuhusu kilichofuata: Wong hakuwafunza kungfu wanawe waliosalia. Aliendelea kuwafunza wageni. Wana wa watu wengine walikunywa naye chai na kuitwa wanawe, ilhali wanawe wa damu waliachwa nje ya ukumbi. Ukoo uliotoka kwa Kei-ying kwenda kwa Fei-hung, ambamo baba na sifu walikuwa mtu mmoja, ukakatwa na mwenyewe kwa makusudi. Wapo wafuasi waliomlaumu kwa kuvunja jadi. Lawama hiyo ni nyepesi. Alikuwa ameona kwamba sifa ya ngumi humwita adui mwenye bastola, na hakutaka tena kuilipa sifa hiyo kwa mtoto.

Mwezi Oktoba 1924 jeshi la binafsi la wafanyabiashara wa Guangzhou lilipambana na serikali ya Sun Yat-sen. Sehemu kubwa ya mitaa ya magharibi mwa mji iliteketea, Po Chi Lam ikiwemo. Mitungi ya dawa, maandishi na vifaa vya miaka mingi vilipotea kwa siku chache. Wong, mzee aliyekwisha kuchoka, aliugua na kufariki mwaka 1925 katika hospitali ya kuwasaidia maskini. Familia haikuwa na fedha za mazishi, na inasimuliwa kuwa Tang Sau-king ndiye aliyezigharamia. Hivyo mwanafunzi wa kike alimtendea mwalimu kile ambacho desturi ilikitarajia kwa mtoto wa kiume.

Kilichobaki cha Wong kilihamia Hong Kong. Lam Sai-wing, aliyekuwa mwuza nyama ya nguruwe kabla ya kuwa mwanafunzi wake mashuhuri, alifunza huko hadi alipofariki mwaka 1943, na mitindo mikuu ikawekwa vitabuni. Chu Yu-jai, mwanafunzi wa Lam, ndiye aliyeandika wasifu wa Wong katika miaka ya 1930 kwa ajili ya wasomaji wa magazeti. Takriban kila kinachosimuliwa leo kimepita mikononi mwake, naye alikuwa mfuasi aliyempenda babu yake wa mafunzo. Mwaka 1949 mwongozaji Wu Pang alitoa filamu ya kwanza, Kwan Tak-hing akiigiza kama Wong. Kwan aliurudia uhusika huo zaidi ya mara 70. Mwaka 1956 peke yake zilitolewa filamu 25. Jackie Chan alimgeuza kijana mtundu anayepigana kama mlevi mwaka 1978, na Jet Li akamrudishia heshima na uzalendo mwaka 1991. Foshan nao ukamjengea ukumbi wa kumbukumbu uliofunguliwa mwaka 2001 katika eneo la Hekalu la Mababu.

Katika miaka hiyo yote ya filamu, Mok Kwai-lan aliishi Hong Kong, mji ule ule zilikotengenezwa. Alifungua ukumbi wake, akafunza Chui Milia na Korongo, akaunga mifupa ya majirani kwa dawa alizozijua tangu Po Chi Lam. Alifariki mwaka 1982, miaka 57 baada ya mumewe. Kisirani hakikuwahi kumpata.